Mintarafu Skrini Zilizomficha Opolot

Josiah Elungat (mwalimu mstaafu),
Mtaa wa nyuma ya maegesho ya matrela,
Malaba.

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Mawakala wa Forodha wa mtaa wetu.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Natumai barua hii itakukuta mzima, umeketi mahali ambapo mtu akiingia anakuona. Hapa ofisini kwetu jambo hilo halipo tena.

Nianze na maelezo, kwa kuwa lalamiko lisiloelezwa huonekana kama hasira. Tangu nistaafu kufundisha jiografia, mimi huketi katika ofisi ya mpwa wangu Opolot, wakala wa forodha unayemfahamu. Yeye huandika hati za mizigo kwenye laptopu. Mimi, kwenye kona ya meza hiyo hiyo, huwaeleza madereva kilichoandikwa. Zamani Opolot akimaliza aliigeuza laptopu imwelekee dereva, tukainamisha vichwa vyetu vitatu pamoja, dereva akakubali kwamba hiyo kweli ni namba ya trela lake. Kazi ilikuwa hiyo, na ilitutosha.

Mwezi uliopita Opolot alileta kisanduku kinachoitwa doki. Ni kidogo, unaweza kukitia kwenye mfuko wa koti. Doki huchomekwa skrini mbili kubwa, kibodi, kipanya, printa, intaneti na umeme. Kisha waya mmoja tu hutoka kwenye doki ukaingia kwenye laptopu. Laptopu huongozwa na waya huo kama ng'ombe na kamba yake. Sasa Opolot anataka skrini ya tatu ifikapo Jumatatu, na nafasi pekee iliyobaki mezani ni kona yangu. Ameniambia kwa heshima zote kwamba mimi nitahamia kwenye benchi la wateja. Mwenyekiti, kutoka benchi la wateja hadi nyumbani kufukuza kuku si mbali. Naomba basi uamuzi wako kabla ya Jumatatu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Skrini zinaficha mtu. Dereva akiingia haoni Opolot, anaona migongo miwili myeusi ya plastiki. Juzi dereva mmoja, Omoding, aliisalimia migongo hiyo, akaiuliza habari za nyumbani, za watoto na za mvua. Opolot alikuwa nyuma ya skrini, masikio yameziba kwa muziki. Omoding akanigeukia, akaniuliza kwa sauti ya chini kama boss wetu ana kesi naye. Nikamjibu kwamba hana kesi, ana skrini.

2. Skrini zinazidisha mizigo. Siku ya kwanza doki ilionyesha picha ile ile kila mahali. Huyo huyo Omoding akachungulia kwa pembeni, akaona trela lake la chumvi kwenye skrini ya kushoto, kwenye skrini ya kulia, na tena kwenye laptopu. Unajua madereva wetu: kilichoandikwa ndicho kitakachoulizwa getini. Akatoka nje akampigia tajiri wake simu kumwarifu kwamba chumvi imekuwa matrela matatu. Tajiri, kwa taarifa yako, hakushtuka. Alimuuliza hayo mawili ya ziada yatafika Mbale lini, maana ameshapata mnunuzi. Opolot alirekebisha baadaye ili kila skrini ionyeshe kazi yake, lakini mnunuzi wa Mbale bado anapiga simu.

3. Mshale wa kipanya hauheshimu mipaka. Hutoka skrini moja ukaingia nyingine bila kusimama, bila kitambulisho, bila hata kupunguza mwendo. Sisi tuliozaliwa hapa, wenye mashamba pande zote mbili za mpaka, tunasimama getini. Mshale ni nani? Tena kuna baya zaidi. Opolot aliweka skrini moja kushoto, lakini laptopu inaamini iko kulia. Kwa hiyo mshale ukitaka kwenda kushoto lazima utokee kulia, sawa na mtu wa Malaba anayekwenda Tororo kwa kupitia Kisumu. Nilipoeleza kwamba ramani hii ina makosa, karani wetu Brendah aliniambia nisijisumbue, nitazoea. Nilifundisha watoto wengi ambao walizoea ramani yenye makosa, na wengine sasa ni madereva.

4. Laptopu inafanya kazi ikiwa imefungwa. Mtaani kwetu laptopu iliyofungwa ni sawa na mlango wa duka uliofungwa: watu waende wakapike. Siku ya Alhamisi nilikuta laptopu imefungwa na kiti cha Opolot hakina mtu. Nikawatangazia madereva kwamba kazi imeisha. Nikachomoa ule waya mmoja, nikaukunja vizuri kama mtu aliyelelewa, nikautia kwenye droo, nikafunga ofisi kwa kufuli. Opolot alikuwa chooni tu. Aliporudi alikuta kila kitu kimezimika, hati ya trela imekatikia katikati, na madereva wako hotelini wanakula. Mpaka leo ananitania mbele ya watu kwamba mzee alifunga mpaka wa Malaba kwa waya mmoja. Nami nauliza: ofisi inayoweza kutiwa kwenye droo na mzee mwenye nia njema, ni ofisi ya namna gani?

5. Jambo hili halitaishia hapa. Wabwire, wakala wa ng'ambo ya barabara, ameona skrini mbili za Opolot, naye ameagiza nne. Opolot akiona nne atataka sita. Baada ya muda madereva nao watachoka kudharauliwa, watakuja na skrini zao, wazipange upande wao wa meza. Hapo ukuta utazungumza na ukuta. Serikali mbili za mpaka huu ziliketi chini ya paa moja ili msafiri asipite kwenye milango miwili. Sisi tunajenga mpaka mpya wa plastiki juu ya meza.

Kwa sababu hizo naomba chama kiamue kwamba skrini yoyote isipite kidevu cha mtu aliyeketi. Kwamba kila doki ifungwe kwa lakiri kama kontena linalopita kwenda nchi nyingine, ifunguliwe tu mbele ya mzee anayeheshimika. Na kwamba skrini ya tatu ya Opolot irudishwe ilikotoka. Mtu anayezungumza na mwenzake sharti aonekane. Hapo sirudi nyuma hata inchi.

Nisalimie wenzako wa kamati, mama wa nyumbani kwako, na yule mlinzi wenu ambaye bado humtazama mtu usoni.

Wako katika kuonana ana kwa ana,

Josiah Elungat.

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, ameingia mama mkwe wangu, Mama Apeduno wa Angurai, kuulizia magunia yake ya simsim yaliyokwama upande wa pili wa mpaka. Wewe ni mtu wa huku, sina haja ya kukueleza mwiko wa mkwe. Tangu nimwoe binti yake hatujawahi kuketi chumba kimoja. Tukikutana njiani, mmoja wetu huingia shambani. Ofisi hii ina mlango mmoja, naye alikuwa amesimama mlangoni. Opolot alikuwa ametoka. Nikajitupa kwenye kiti chake, nyuma ya skrini.

Mama akaketi kwenye benchi. Brendah alitaka kucheka, nikamtolea macho. Kisha Mama akaisalimia skrini ya kushoto. Akaiuliza kama mgongo wangu umepona, na kama binti yake bado anaunguza mboga. Nikaiambia skrini kwamba mgongo haujambo, na mboga siku hizi zinaungua upande mmoja tu. Mama akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka karibu hivyo. Tumezungumza mpaka chai ikaisha.

Basi naomba usiisome barua hii kwenye kikao. Skrini ya tatu ije, na ikiwezekana isingoje Jumatatu, kwa sababu pale kwenye kona yangu pana mwanya: mimi nimeona kitambaa cha kichwa cha Mama, na naogopa yeye ameona sikio langu. Atarudi Jumanne. Mimi nitatafuta kigoda nikae nyuma ya skrini hiyo.