Sabuni Yetu Yapata Mwekezaji

Jumatatu, 3 Machi

Tumeuza miche sita ya sabuni tangu asubuhi. Wakati kama huu mwaka jana tulikuwa tunauza katoni sita kabla ya saa nne. Sababu inajulikana. Soko limefunguliwa, ushuru umeshuka, na sabuni ya makontena imejaa madukani. Imefungwa karatasi ya kung'aa, inanukia maua, na bei yake haifiki hata gharama yetu ya mafuta. Nilifundisha uchumi sekondari miaka thelathini na mmoja. Niliwaambia wanafunzi kwamba ushindani humwamsha mzalishaji. Ni kweli. Nimeamka saa tisa za alfajiri na usingizi haujarudi.

Nieleze vizuri. Karakana ni ya mke wangu. Aliianzisha jikoni kwa sufuria mbili, mimi nikiwa bado nasahihisha madaftari. Nilipostaafu nikajiteua Mkurugenzi. Hakunipinga, alisema tu nisiguse magadi. Tuna wanawake wawili wanaokata miche kwa waya na kuigonga mhuri. Karakana ikifungwa, nyumba tatu zinalala njaa. Mke wangu hajasema neno leo. Akigomba huwa nina amani. Akinyamaza, naanza kuhesabu madeni.

Na barua imekuja. Mkadiriaji wa kodi atapita kabla mwezi haujaisha.

Ng'ambo ya barabara, Jiografia ameniuliza hali. Ndivyo tunavyomwita. Alifundisha somo hilo, meza yake ilikuwa ubavuni mwa yangu, na chaki zangu alizoazima bado nazisubiri. Sasa anauza chakula cha kuku. Amenipa pole, akaongeza kwamba yeye bahati yake kuku hawajui kutamani karatasi ya kung'aa.

Jioni, redioni: mwekezaji kutoka nje hatalipa kodi kwa miaka mitano. Mzawa hakutajwa. Nimezima redio. Nimefikiri.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda ofisi ya uwekezaji. Karani wa dirishani nilimfundisha mwenyewe, alipata alama ya chini kabisa. Amenipokea kwa heshima, shikamoo Mwalimu, keti Mwalimu. Kisha akauliza mgeni wangu ni nani.

Hapo ndipo elimu ilipofanya kazi. Sheria haisemi mgeni awe na sura gani wala atoke mbali kiasi gani. Inasema pasipoti. Mdogo wake mke wangu alivuka mto miaka ishirini na miwili iliyopita, akaoa huko, akachukua uraia wa huko, anauza matairi. Ukipanda juu ya paa letu unaiona minara ya simu ya nchi yake. Kisheria shemeji ni mgeni kamili.

Nimempigia. Akauliza atatakiwa kufanya nini. Nikamwambia hakuna, awe mgeni tu. Akasema shemeji, kutofanya kitu ndiyo kazi aliyokuwa akiitafuta maisha yake yote.

Jumamosi, 8 Machi

Kikwazo. Karani anasema haitoshi mtu atoke nje, lazima na mtaji utoke nje. Mtaji wangu uko ndani, tena ndani ya godoro. Ni mabaki ya kiinua mgongo.

Suluhisho ni rahisi kwa aliyesoma. Mtaji utoke nje ili uweze kuingia. Shemeji amevuka asubuhi, nikamkabidhi kifurushi nyuma ya mapipa ya mafuta, akakitia katika mfuko wa matairi na kurudi kwao kwa basi la saa sita. Huko ataubadilisha kuwa fedha ya kwao, autume kwa benki, ufike hapa kama mgeni. Fedha ile ile, ila imesafiri. Hata mtu akisafiri huongezeka heshima.

Mke wangu ameuliza kwa nini mdogo wake amekuja na kuondoka bila kugusa chakula. Nikasema ana haraka. Akasema huyo hajawahi kuwa na haraka mbele ya sahani tangu aote meno. Nimetoka nje kuhesabu katoni tupu.

Jumatano, 12 Machi

Mtaji haujafika. Simu ya shemeji imezimwa tangu jana. Nimekwenda benki mara tatu. Mara ya tatu askari wa mlangoni ameniuliza kama kuna mtu nyumbani anayeniangalia. Chai imemwagikia kitabu cha stakabadhi. Jiografia ameniona nimesimama juu ya paa nikitazama ng'ambo, akauliza kwa sauti ya barabara nzima kama nataka kumsaidia kuchora ramani.

Saa tisa mchana mtaji umefika. Umekonda. Ulipotoka, duka la kubadilishia fedha lilikata lake. Ulipoingia, benki ikakata lake, na katikati fedha yetu ilishuka, ikapanda, ikashuka. Nikamweleza binti wa dirishani kwamba hii ndiyo tabia ya soko huria, na kwamba mimi leo nimepata hasara kama mtoaji na hasara kama mpokeaji, jambo ambalo si la kawaida. Alinisikiliza vizuri sana. Kisha akafunga dirisha, muda wa kazi ulikuwa umekwisha.

Simu ya shemeji ilikuwa imeisha chaji tu. Nimekunywa maji glasi tatu.

Jumatatu, 17 Machi

Tumetia saini. Sheria inataka mgeni ashike zaidi ya nusu ya hisa. Nusu na kidogo ingetosha, lakini mimi siku zote niliwafundisha watu kuacha nafasi ya usalama. Nikampa asilimia sitini.

Leseni iko kwa jina la mke wangu, kwa hiyo ilibidi aje. Nilimwambia ni kwa ajili ya msamaha wa kodi, na hilo si uongo. Alisoma polepole, kidole juu ya mstari. Akauliza sasa mwenye karakana nani. Nikamweleza tofauti ya umiliki wa karatasi na umiliki wa hali halisi. Akanitazama kama nilivyokuwa nikimtazama mwanafunzi aliyenakili hadi jina la mwenzake. Mwishowe akatia saini. Alisema huyu nilimbeba mgongoni, hawezi kunidondosha.

Shemeji nilimwagiza afanane na mgeni. Avae koti, ashike faili, anyamaze kabla ya kujibu. Alilowa jasho mpaka faili likaacha rangi mkononi. Karani alipomwona alimrukia, akamuuliza mama hajambo, na yeye bado anacheza kipa? Walikulia mtaa mmoja. Koti lote lile la bure. Pasipoti ilitosha, kama nilivyosema tangu mwanzo.

Cheti tunacho. Kina mhuri wa dhahabu. Nimekitundika juu ya meza yangu.

Ijumaa, 21 Machi

Mkadiriaji alikuja saa nne. Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. Alikisoma cheti, akavua kofia, akamwita shemeji mheshimiwa, akaondoka bila hata kufungua mkoba. Miaka mitano! Jiografia alikuwa kizingitini mwa duka lake anayaona yote. Alirudi ndani akasahau kumpa mteja chenji.

Furaha ilidumu kama saa moja. Shemeji hajaondoka. Nilidhani akishaonwa na mkadiriaji atarudi na basi la saa sita. Badala yake amekaa kwenye kiti changu, akaomba ufunguo wa stoo, ili tu azoee. Ananiita mbia mzawa. Alipouliza kazi yangu hasa ni ipi, nilichukua nusu saa kumwelezea. Akaniomba nifupishe. Nikafupisha. Akasema ndivyo alivyohofia.

Wanawake wa waya wanacheka. Mke wangu hacheki.

Jumanne, 25 Machi

Maafa. Shemeji amekisoma cheti chote, pamoja na mkataba na viambatisho. Mimi nilisoma ukurasa wa kodi tu, kwa kuwa ndio uliokuwa na jambo letu. Kumbe mwenye hisa nyingi anaweza kubadili shughuli ya kampuni bila kumuuliza mtu. Mwagizaji wa sabuni ya karatasi ya kung'aa anatafuta stoo iliyo kando ya barabara. Analipa pango la mwaka mzima kwa mpigo. Shemeji amemkubalia, uzalishaji unasimama Ijumaa.

Nikamwambia shemeji, hiyo ndiyo sabuni inayotuua. Akanijibu kwa adabu kabisa. Shemeji, si wewe uliyenifundisha kwamba kila nchi ifanye lile inaloliweza zaidi? Mimi ninachokiweza zaidi ni kufungua mlango na kuufunga.

Nimekimbia hadi ofisini. Karani akasema sheria inamlinda mwekezaji, asije akanyang'anywa na mbia mzawa. Mtaji nao ni wake, benki imeandika umetoka kwake. Akasema sura ile ya kitabu nilimfundisha mwenyewe. Nikamkumbusha alama aliyopata. Akasema Mwalimu, zote nilianguka, hiyo moja niliipata.

Ilibidi nimwambie mke wangu. Alikuwa anakoroga. Aliweka mwiko chini, akafuta mikono, akaenda uani kuongea na mdogo wake. Nilisikiliza dirishani. Hakupaza sauti. Alimuuliza nani alikesha naye alipougua surua. Akajibu ni wewe, dada, na ndiyo maana nitamwacha mume wako awe mshauri. Dada akamuuliza, na mimi? Shemeji akafunga kamba ya kiatu. Akasema biashara, dada. Mke wangu akasema haya. Neno moja.

Jumamosi, 29 Machi

Mke wangu amehama. Si nyumbani, nashukuru, ingawa hilo nilimuuliza mara mbili. Amehamisha vyombo. Mkataba unataja jengo, jina na leseni. Sufuria, mapipa, fremu za kumiminia na waya havikutajwa popote, kwa sababu nilipoandika orodha ya mali niliona ni vitu vya jikoni. Shemeji hakubisha. Sabuni iliyokwisha kufungwa haihitaji sufuria.

Amekodi banda la nyuma ya duka la Jiografia. Wanawake wawili wamemfuata, kila mmoja na waya wake begani. Jiografia alikuja na mkokoteni, akanisaidia kubeba pipa, yeye upande ule, mimi upande huu. Alikuwa na ubinadamu wa kunyamaza hatua kumi. Ya kumi na moja akasema, Mwalimu, hata mito hubadili njia.

Nilikuwa nawaza kama banda linavuja. Linavuja.

Ijumaa, 4 Aprili

Makontena mawili yameshushwa mbele ya karakana. Mimi ndiye niliyesaini mapokezi, kwa wadhifa wa mshauri. Saa saba, redio ikatangaza kwamba uwekezaji kutoka nje umeongezeka katika eneo letu, na miongoni mwa kampuni mpya kuna moja ya sabuni. Nilisimama. Ni sisi. Kwa dakika moja nilihisi joto kifuani, maana takwimu si kitu cha kudharau, nimezifundisha miaka mingi bila kuwahi kuwa ndani yake. Nikamkimbilia mke wangu kumwambia tumekua. Aliniuliza nani amekua. Nikaanza kueleza. Akanipa ndoo.

Yeye ameacha kuuza mche mzima. Anaukata vipande vidogo, kwa mwenye shati moja la kufua leo. Hakuna karatasi, anakufungia kwenye mfuko wa chakula cha kuku. Foleni imepita mlango wa Jiografia. Jiografia anawaambia wapita njia kwamba ndivyo biashara yake ilivyo siku zote. Mke wangu ameweka sharti: hakuna Mkurugenzi. Mimi ni wa maji. Natoka bombani hadi bandani safari kumi na nne kwa siku. Usiku nalala, lakini naota mihuri.

Jumapili, 6 Aprili

Wasiwasi umerudi. Jana mkadiriaji wa kodi alipita barabarani akitembea taratibu, akaitazama foleni, akaandika kitu. Mke wangu anasema atalipa anachodaiwa kama watu wengine. Amesema hivyo bila kukunja uso. Maskini, hajui hesabu za mbele. Banda hili ndilo pekee tulilobaki nalo, na kama litachukuliwa hakuna tena ng'ambo ya barabara ya kuvukia.

Leo mchana Jiografia amepokea wageni. Mwanawe anayefanya kazi nchi ya mbali amekuja na mke aliyemwoa huko huko. Ni binti mpole, anasalimia kila mtu mara mbili. Alikuja bandani, akanusa sabuni, akauliza inatengenezwaje. Mke wangu akamwonyesha kila kitu, hata vipimo vya magadi ambavyo mimi sijawahi kuonyeshwa. Wakacheka pamoja. Nikaweka ndoo chini. Nikamuuliza, kwa njia ya mazungumzo tu, kama bado ana pasipoti ya kwao. Anayo. Inaisha baada ya miaka saba.

Nimechukua fomu mpya nyumbani kwa karani, nimezifukia chini ya mfuko wa pumba. Mke wangu ameniuliza kwa nini natabasamu. Nikasema maji leo ni mepesi.

Nimelipitia jambo zima upya, kwa utulivu, kama mtu anavyosahihisha mtihani. Mpango ulikuwa sahihi. Kosa lilikuwa moja, na ni la hesabu. Nilitoa asilimia sitini. Safari hii nitatoa hamsini na moja tu.