Wageni Rasmi Saba, Shimo Moja

Shule ya Msingi Gisorwe,
Kata ya Nyakitonto,
Kasulu.

Katibu wa Kamati ya Maandalizi,
Kongamano la Wataalamu wa Elimu ya Mazingira,
Kibondo.

Ndugu Katibu,

YAH: KUKATALIWA KWA MADA YANGU ISEMAYO "WAGENI RASMI SABA, SHIMO MOJA: UZOEFU KUTOKA NYAKITONTO"

Salamu zangu zikufikie ukiwa mzima, wewe na wajumbe wote wa kamati. Huku Nyakitonto tu wazima, mvua zimeanza vizuri na maharage yametoa ua. Kichwa cha barua hii kinajieleza, lakini kwa kuwa hata mada niliyowaletea ilijieleza na bado haikueleweka, naomba nieleze tena taratibu.

Mimi ni mwalimu wa sayansi na mlezi wa klabu ya mazingira katika shule iliyotajwa hapo juu, mwaka wa tisa sasa. Mwezi uliopita nilisoma tangazo lenu kwenye ubao wa ofisi ya kata, kwamba wataalamu watakutana Kibondo kwa siku tatu, na kwamba walimu wenye uzoefu wanakaribishwa kupendekeza mada za kuwasilisha. Nikajiona nimeitwa kwa jina. Niliandika kurasa nne kwa mkono, nikampelekea Abdalah, mwenye duka la simu na uchapaji pale Kasulu mjini, azichape na kuwatumia. Abdalah alizisoma zote kabla ya kugusa mashine, akaniuliza, "Mwalimu, una hakika unataka hii ifike?" Nikamjibu kwamba ukweli wa kitaalamu hauchagui msomaji.

Jibu lenu lilikuja baada ya siku sita. Mlisema mada imekataliwa kwa sababu haina nadharia, haina ushahidi wa kuonekana, na haiendani na kaulimbiu ya Kongamano. Nimekaa na jibu hilo juma zima. Sina hasira. Nina malalamiko tu, nayo nayapanga kwa namba ili yasikanyagane.

1. Kwamba mada haina nadharia.

Nadharia ipo, na ni fupi: mti uliopandwa na mgeni rasmi haukui. Kwa miaka saba mfululizo shule yetu imepokea mgeni rasmi mmoja kila mwaka wakati wa kupanda miti. Wote saba wamepanda katika shimo moja. Si kwamba tulikosa pa kuchimba, maana shule ina ekari kumi na mbili. Ni kwamba shimo lile liko karibu na mlingoti wa bendera, hatua nane kutoka gari linaposimama, na mpiga picha wa mwaka wa kwanza alisema pale ndipo mwanga unapomkaa mtu vizuri usoni. Tangu siku hiyo likawa shimo la kudumu.

Mgeni wa kwanza alipanda mvule. Wa pili msonobari. Wa tatu mparachichi, akawaambia wanafunzi watakula matunda yake. Wa nne alikuwa na haraka, akapanda mkaratusi pamoja na mfuko wake wa plastiki. Wa tano alipanda mgrevilea, wa sita mfenesi, na wa saba akapanda mti ambao hakuna aliyeujua, hata kibao chake kiliandikwa "Mti" basi.

Kila mti ulitoweka baada ya juma moja, pengine mawili. Sisemi ulinyauka, Ndugu Katibu. Ulitoweka. Unafika asubuhi unakuta shimo limefukiwa vizuri, kama halijawahi kuona mti. Mwaka unaofuata tunalifukua, tunapaka chokaa ukingoni, na mgeni anaambiwa ni jipya.

2. Kwamba kamati haikuona madhara ya jambo hili kwa taaluma.

Katika mtihani wa darasa la nne mwaka jana kulikuwa na swali: "Taja hatua nne za kupanda mti." Nina wanafunzi hamsini na watatu. Arobaini na tisa waliandika hivi: kwanza, kumsubiri mgeni rasmi; pili, kuimba; tatu, kupiga picha; nne, kunawa mikono. Wanne waliobaki waliongeza hatua ya tano, kuwaangalia wageni wakinywa soda. Wote walipata sifuri.

Binti mmoja aitwaye Shadia, ambaye kwa kawaida hushika namba ya kwanza, alinifuata na karatasi yake huku analia. "Mwalimu, nimekosea wapi? Au soda inatangulia?" Mimi nikaandikiwa barua ya kutakiwa kujieleza. Nikajieleza kwamba wanafunzi hawa wamefundishwa kwa vitendo kama mtaala unavyotaka, na wameandika walichokiona kwa macho yao kila mwaka tangu darasa la kwanza. Nikaulizwa kama nafanya mzaha. Sijafanya mzaha tangu niajiriwe.

3. Kwamba kamati haikuzingatia gharama ya utafiti wangu kwa ujirani.

Baada ya mti wa tano kutoweka niliamua kutafuta chanzo kwa njia ya kisayansi. Nilichunguza eneo, nikakuta kinyesi cha mbuzi hatua ishirini kutoka shimoni. Mbuzi wa karibu ni wa Mzee Venanti, jirani yangu. Mzee huyu ndiye aliyenionyesha pa kulima nilipohamia hapa, na ndiye aliyesimama kama baba yangu siku niliyooa, kwa kuwa baba yangu alikuwa mgonjwa Kagerankanda. Lakini sayansi haina jirani. Nilimshtaki kwenye baraza la kijiji.

Mzee Venanti alisimama, akavua kofia. Akasema, "Mwalimu, mbuzi wangu ni wezi, sikatai. Lakini mbuzi hula majani. Mbuzi gani huyo anayeng'oa mti na mizizi yake, kisha akafukia shimo?"

Watu walicheka. Nililieleza baraza kwamba mshtakiwa anahamisha mjadala. Baraza likaamua mbuzi wote kumi na mmoja wafungwe kamba mpaka itakapoamuliwa vinginevyo. Huu ni mwaka wa pili. Mzee Venanti ana mguu mbovu, na kila siku anapanda kilima kukata majani, anarudi na mzigo kichwani. Hanisalimii tena. Tukikutana njiani anaisalimia baiskeli yangu. "Amahoro, baiskeli," anasema, halafu anapita.

Tangu mbuzi wafungwe, mti wa sita na wa saba nayo ikatoweka. Kutokana na hilo nimehitimisha kwamba mbuzi wakifungwa muda mrefu hujifunza kufungua kamba, na pia kuzifunga tena wakirudi. Hili ni jambo jipya katika fani yetu. Mlilisoma kwenye ukurasa wa tatu wa mada yangu, mkalinyamazia.

4. Kwamba hakuna ushahidi wa kuonekana.

Ushahidi wangu ni shimo. Baada ya kupata jibu lenu nilikwenda Kasulu mjini kwa fundi seremala Lukmani, nikamwomba anitengenezee kasha la kulisafirisha shimo hadi Kibondo. Lukmani aliweka randa chini.

"Mwalimu, nitalipimaje? Shimo halina nje."

Nikamwambia apime udongo unaolizunguka. Ni mtu mwungwana, alipanda pikipiki akaja nami hadi shuleni, akapima. Akapiga hesabu yake kwa penseli kwenye kiganja, akaniambia kwamba kasha la kubeba udongo wote ule bila kupasuka litahitaji mbao za miti sita mikubwa. Nikaona kukata miti sita ili kuonyesha kwamba mti mmoja haupo ni kinyume cha maadili ya elimu ya mazingira. Nikaacha. Nawaachia ninyi mpime ni nani kati yetu anayelinda mazingira.

5. Kwamba mada haiendani na kaulimbiu.

Kaulimbiu yenu ni "Mti Wangu, Fahari Yangu". Nimesimama mbele ya miti saba na yote ilikuwa ya mgeni. Hapo nimemaliza.

Kwa sababu hizo naomba yafuatayo:

(a) Mada yangu irejeshwe kwenye ratiba na nipewe dakika ishirini, kabla ya chakula cha mchana, watu wakiwa bado wanasikia.

(b) Wageni rasmi wazuiwe kupanda miti kwa miaka saba. Wakitaka sana kupanda kitu wapande jiwe, ambalo tukilipoteza halitatuumiza.

(c) Kwa kuwa shimo haliwezi kwenda kwenye Kongamano, Kongamano lije kwenye shimo. Wajumbe watakaa ukingoni kwa zamu, kumi kumi.

(d) Mbuzi wa Mzee Venanti wapimwe akili na mtaalamu anayetambuliwa.

(e) Hayo yote yakishindikana, neno "kupanda" liondolewe kwenye mtaala wa sayansi, libaki kwenye hesabu tu, bei zinapopanda.

Nawasalimu wajumbe wote, dereva wa kamati, na yule mama anayepokea simu, ambaye mara tano ameniambia kwa upole kwamba mko kikaoni. Mwambie nimeshaizoea sauti yake.

Ni mimi, ambaye darasa langu linanisubiri,

Mwl. Tharsisi Harerimana
Mlezi, Klabu ya Mazingira

NB: Nilipokwisha kutia sahihi niliisoma barua hii kwa sauti hapa ofisini, nione kama mikato imekaa mahali pake. Mama Niyonzima, mpishi wetu wa uji, alikuwa amekuja kuchukua vikombe. Akasimama mlangoni akisikiliza. Nilipofika namba tatu akaniuliza, "Mwalimu, miti gani hiyo iliyotoweka?"

Nikamwambia ile ya wageni.

"Mbona ipo," akasema. "Iko kisimani."

Akaacha vikombe, akanishika mkono kama mtoto, tukateremka bondeni nyuma ya shule, anakoteka maji ya uji. Kwa miaka tisa sikuwahi kufika kule, kwa sababu maji huja jikoni yenyewe, yakiwa kichwani kwake. Ndugu Katibu, iko sita, imekizunguka kisima. Mvule umenipita kimo mara mbili. Ule usio na jina unalo, ni mkuyu, na Mama Niyonzima anasema mkuyu ndio unaoyashika maji yasikimbie. Mkaratusi hakuutaka pale, maana unakunywa kuliko ng'ombe. Aliupeleka kwenye dimbwi lililo nyuma ya choo, nao ndio mti ambao sisi walimu hukaa kivulini kwake saa ya mapumziko tukijadili uharibifu wa mazingira.

"Shimo lenu lina mwamba chini," akaniambia. "Mti wa kwanza niliuona unaanza kulegea, nikauonea huruma. Basi kila mgeni akiondoka nasubiri siku chache asije akarudi kuuulizia, halafu nauhamisha. Shimo nalifukia, watoto wasivunjike miguu."

Nikamuuliza kwa nini siku zote hizo hakusema.

"Hukuniuliza, Mwalimu. Uliuliza mbuzi."

Siku ya baraza alikuwa Gwarama kwenye msiba wa dada yake. Aliporudi akakuta mbuzi wamefungwa, akadhani wamekula mahindi ya mtu. Nilipomweleza sababu alikaa chini kwenye jiwe, hakucheka. Kisha akainuka, akachuma parachichi moja, akanipa. Nililila nimesimama, sijui niuweke wapi uso wangu.

Kwa hiyo namba 1 imeanguka, namba 3 ni dhambi yangu, na ombi (b) lingetunyima miti saba mingine. Barua naiacha kama ilivyo, kwa sababu mwalimu akikuta kosa hafuti, hupiga mstari na kuandika lililo sahihi pembeni. Zile dakika ishirini bado nazihitaji, ila atakayewasilisha ni Mama Niyonzima. Ataongea Kiha, mimi nitatafsiri. Amesema hana ikisiri, ana jembe.

Nimetoka sasa hivi kwa Mzee Venanti. Mwenyekiti wa kijiji amekubali kamba zifunguliwe leo leo. Nilimsimulia Mzee yote, sikujificha nyuma ya sayansi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaenda bandani akichechemea, akafungua kamba moja baada ya nyingine. Halafu akanigeukia, akaniita kwa jina langu kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili.

"Tharsisi, mimi nimekwisha kukusamehe," akasema. "Sasa waombe na hawa."

Nimewaomba radhi wote kumi na mmoja, mmoja mmoja, kwa majina aliyonitajia.