Mguu wa Mama Clarisse

Leo aibu imenikuta ndani ya maji, nikiwa nimevaa kofia ya mpira.

Ndiyo kwanza nimerudi. Nywele bado zinanuka dawa ya bwawa, macho mekundu kama nyanya, na nimeamua kuwaambia mwenyewe humu kwenye kikundi chetu cha simu kabla hamjaambiwa na wengine. (Wengine wameshaanza. Nimeona.)

Kwa wasionijua: mimi ni Mama Nathalie, mshonaji. Duka langu liko Kamalondo, nyumba yangu Kampemba. Nina miaka arobaini na tisa, magoti mawili yanayolia, na baiskeli inayolia zaidi ya magoti. Tangu mwaka jana najiandaa kwa triathlon. Ndiyo, ile ya kuogelea, halafu unatoka majini unapanda baiskeli, halafu unashuka unakimbia. Ni ile ya watu wa kawaida, si ya mabingwa. Lakini hata hiyo ya watu wa kawaida inaua!

Lawama iende kwa televisheni. Mimi napenda matangazo ya biashara. Sisemi navumilia. Napenda. Filamu ikiwa inaendelea, mimi niko jikoni nakoroga bukari, ugali wetu. Tangazo likianza, narudi mbio na mwiko mkononi. Katika matangazo watu wana meno yote, nguo hazichuji, hakuna anayekufa, na kila shida inaisha kabla hujachoka kukaa. Siku moja likatokea tangazo la maji ya chupa. Mama mwenye mvi anatoka ziwani, anapanda baiskeli, anakimbia kilimani, halafu anakunywa glasi nzima huku anacheka. Nikasema kwa sauti: "Huyo ni mimi!"

Mume wangu akatazama televisheni, akanitazama mimi. "Wapi?"

Jambo la pili mnalopaswa kujua ni kwamba mimi ni mtu wa kushuku. Mkate ukiwa laini kupita kiasi, nashuku. Mteja akinisifu kabla sijampima kiuno, nashuku. Mume wangu husema, "Weye unashuku bantu bote. Ni televisheni tu njo unaamini." (Nashuku ananisema vibaya.)

Sasa, mwezi huu nilikuwa namshuku Mama Clarisse.

Kikundi chetu cha mazoezi kina watu tisa. Kocha ni Papa Donat, mwalimu wa michezo mstaafu, mtu wa filimbi na maneno machache. Wanawake ni wawili tu, mimi na Mama Clarisse. Yeye ana miaka hamsini na miwili na anauza samaki wakavu. Wiki hii utamkuta Kasomeno, kule anakonunua samaki, anapakia magunia, wiki ijayo yuko sokoni anayauza. Tulianza pamoja, wote hatujui maji. Siku ya kwanza Kocha alipotuambia tutumbukize uso, tulipiga ukelele mmoja, kwa sauti moja, tumeshikana mikono.

Halafu ghafla mwenzangu akaanza kuteleza majini kama sabuni. Hapigi kelele. Hahemi. Anavuka bwawa mara kumi, anatoka, anajifuta masikio, anauliza, "Twende ku baiskeli?" Mimi wakati huo nimening'inia ukutani kama koti lililoloa.

Nikajiuliza: amejifunzia wapi? Kasomeno? Katikati ya magunia?

Nikaanza uchunguzi. Kikundi chetu huogelea kwa upana, upande wa maji mafupi, kwa sababu Kocha anatupenda tukiwa hai. Maji yenyewe yanafika kifuani. Mnaelewa? Mtu anaweza kabisa kutembea chini kwa vidole vya miguu, huku juu anachezesha mikono vizuri, na dunia nzima ikaamini anaogelea! (Mbinu hiyo nimeijuaje? Tuendelee.)

Tena kulikuwa na minong'ono. Wiki iliyopita nilimkuta Mama Clarisse na Kocha wanaongea kwa sauti ya chini karibu na mlango. Waliponiona, Kocha akasema, "Mvua itakuja." Kocha huyu! Mtu ambaye hata radi ikipiga hasemi chochote kuhusu mvua!

Na msidhani lilikuwa jambo dogo. Mashindano ni mwisho wa mwezi huu. Kikundi chetu kimepewa namba chache za kuvaa kifuani, na ya mwanamke ni moja tu. Kocha alisema Jumamosi, yaani leo, tutapimwa. "Atakayeogelea mita mia nne bila kusimama, huyo njo atakamata namba." Mimi nilikuwa nimeshashona nguo ya mashindano. Nyeusi, inabana, ina mstari wa kijani mbavuni, na mgongoni nimetarizi jina langu. Wateja wote wa Kamalondo wameshaambiwa. Mmoja ameahidi kuja na tarumbeta. Sasa niwaambie nini? Kwamba namba imechukuliwa na mtu anayetembea?

Basi leo asubuhi nikaamka na mpango. Kabla ya kipimo, nitazama chini ya maji, nitauona mguu wa Mama Clarisse umekanyaga sakafu, nitaukamata, nitaibuka nao mbele ya mashahidi.

Tatizo lilikuwa miwani yangu ya kuogelea. Inaingia ukungu. Lakini nilikuwa na dawa. Mnalijua lile tangazo la sabuni ya vioo? Mama anafuta dirisha mara moja, anamwona mkwe wake anakuja kutoka mbali, anawahi kuficha kuku. Halafu sauti nzito inasema: "Utaona hata usichotaka kuona!" Tangazo zuri sana lile. Nikapaka miwani yangu ile sabuni, ndani na nje, nikaacha ikauke. (Kwenye chupa waliandika usuuze. Kwenye tangazo hakuna aliyesuuza.)

Mume wangu akaniona. "Uko nafanya nini na ile sabuni?"

"Mambo ya michezo."

"Michezo ya dirisha?"

Nikapanda baiskeli.

Nimefika bwawani mapema. Darasa la wanaoanza kuogelea lilikuwa linamalizika. Watoto wanatoka, watu wazima wachache bado wamo, wote wamevaa kofia za bluu za pale bwawani. Mama Clarisse naye kofia yake ni ya bluu. Nikaangaza macho. Nikaiona kofia ya bluu peke yake, karibu na ukuta, kwenye maji mafupi, mikono inakwenda taratibu, mwendo mzuri wa kushukiwa.

Nikasema, leo ndiyo leo.

Nikavaa miwani, nikaingia majini polepole kama mtu asiye na nia yoyote, nikavuta pumzi, nikazama.

Maji yakakutana na sabuni. Ndugu zangu! Povu likajaa ndani ya miwani kama bia iliyomiminwa na mtu mwenye haraka. Macho yakawaka moto. Sikuona maji wala ukuta. Niliona weupe tu, kama niko ndani ya mto wa kulalia. Mtu mwenye akili angeibuka. Mimi nikanyoosha mikono mbele, nikapapasa, nikagusa mguu.

Umekanyaga chini! Kisigino kimetulia kabisa sakafuni!

Nikaukamata kwa mikono miwili. Ukanipiga teke. Nikasema moyoni, mwenye hatia lazima apige teke. Nikashikilia. Ulikuwa mguu mkubwa. Nikawaza, kumbe ndiyo siri ya mwendo wake. Ulikuwa na nywele. Nikawaza, hata mimi mwezi huu sijapata nafasi ya kunyoa. (Tazameni jinsi mtu anavyojipa majibu akishaamua.)

Nikaibuka, mguu mikononi, nimeuinua juu ya maji kama mtu aliyevua samaki mkubwa. Nikapaza sauti ile ninayoitumia sokoni:

"Nimemukamata! Bantu bote muone! Haogelei! Iko anatembea chini!"

Nikangoja makofi.

Kisha nikasikia sauti tulivu kutoka nje ya maji, upande mwingine kabisa. "Mama Nathalie, uko nakamata nani?"

Ilikuwa sauti ya Mama Clarisse.

Nikang'oa miwani. Jicho moja likafunguka nusu. Mama Clarisse alikuwa ameketi kwenye benchi, taulo mabegani, anamenya yai la kuchemsha. Kando yake Kocha, filimbi mdomoni, ameisahau. Nikageuka kutazama nilichoshika. Mwisho wa ule mguu kulikuwa na mwanaume anatapatapa, anakohoa maji, kofia ya bluu imemshuka mpaka kwenye nyusi. Akaipandisha.

Padri wetu. Abbé Félicien. Aliyembatiza Nathalie wangu.

"Mama Nathalie," akasema, akitafuta pumzi, "uniachilie muguu."

Nikauachilia. Akasimama, akajipangusa uso, akanitazama kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko hasira. Nikadhani amemaliza.

"Na mugongo? Inaendelea namna gani?"

Hapo sasa niwaeleze. Alhamisi nilituma ujumbe kwa Abbé kwamba siwezi kuja mazoezi ya kwaya kwa sababu mgongo umenikataa, hata kuinama siwezi. Leo kaniona nimeinama mpaka sakafu ya bwawa na nimeinua kilo themanini za mtumishi wa Mungu.

"Inapona, mon Père," nikasema. "Polepole."

Mtu mmoja akacheka. Halafu wote. Watoto waliokuwa wanavaa viatu wakarudi kutazama. Mlinzi wa getini akaja kuuliza kama kuna mtu amezama. Kocha akasema, "Bado."

Mama Clarisse peke yake hakucheka. Akaweka yai chini, akaja mpaka ukingoni, akachuchumaa.

"Uliwaza niko natembea chini?"

Nikainama, nikasuuza miwani.

"Nilikuwa natembea," akasema. "Miezi tatu yote. Nikasikia haya. Nikamuambia Coach, akaniweka na bale banaanza, asubuhi sana, na Abbé na batoto. Kila siku nikiwa hapa mujini, nakuja."

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Niliwaza utanicheka."

Jamani. Hapo povu lilikuwa limeshatoka machoni, lakini yakaendelea kuwasha.

Kocha akapuliza filimbi. Kipimo kikaanza, na tukaambiwa leo tunaogelea kwa urefu, mpaka kule kwenye maji marefu. Mama Clarisse akaenda wa kwanza. Akaenda, akarudi, akaenda, akarudi, mita mia nne zote. Hakusimama. Nilizitazama nyayo zake kila alipopita (sikuweza kujizuia). Hazikugusa chochote isipokuwa maji.

Kisha mimi. Nikaanza vizuri. Mikono inakwenda, kichwa kinageuka, Abbé ukingoni ananipigia makofi. Nikafika katikati, pale vigae vinapoanza kuteremka. Kidole changu cha mguu kikashuka kutafuta sakafu, kama kilivyozoea. Sakafu haikuwepo. Kikashuka tena. Haikuwepo!

(Mliokuwa mnauliza mbinu ile nimeijuaje, basi mmejua.)

Nikapiga ule ukelele wa siku ya kwanza, safari hii peke yangu, nikaparamia kamba ya pembeni. Abbé Félicien ndiye aliyenisukumia kibao cha kuelea, kile cha watoto, chenye picha ya bata. Nikarudi nacho mpaka ukutani. Kocha akatoa kalamu. Aliandika tu. Nikamwuliza, "Umeandika nini?" Akanionyesha. Alikuwa ameniandika kwenye orodha ya wanaoanza. Kila asubuhi, kuanzia Jumatatu, mstari mmoja na Abbé na msichana wa miaka saba ambaye, naambiwa, ana kasi sana.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo nikamkuta Mama Clarisse anakausha nywele. Nikasimama na taulo langu.

"Yaya, dada yangu mukubwa, unisamehe."

Akashusha taulo. Kisha ndipo akacheka, akacheka mpaka akakaa chini, akipiga paja na kurudia, "Iko anatembea chini! Bantu bote muone!" Nikacheka naye. Nifanye nini?

Alipotulia akasema, "Ile nguo nyeusi ya mustari ya kijani, utaipanua kidogo? Nitaivaa siku ya mashindano."

Nikakubali. Nikamwambia aulete mwili wake dukani kesho kutwa, nitafumua jina la mgongoni na kuweka lake, na nitakuja siku hiyo na yule mteja wa tarumbeta. Tukakumbatiana. Nikiwa kwenye baiskeli, karibu na nyumbani, ndipo nikajiuliza: nguo ile aliionea wapi? Mimi nilipoishona nilifunga pazia la duka.

Nyumbani nimemkuta mume wangu mlangoni, mdomo ameubana kwa nguvu zote.

"Abbé iko muzima?" akauliza.

"Nani amekuambia?"

Akaificha simu mgongoni.

Nikapita, nikakaa, nikawasha televisheni niangalie angalau tangazo moja nitulie. Umeme ukakatika. (Nashuku.)

Basi, hiyo ndiyo habari yenyewe, haina pungufu wala nyongeza. Mnaotaka kucheka, nawaomba mcheke kwa herufi ndogo: Abbé ameingizwa kwenye kikundi hiki cha simu leo mchana, na mpaka sasa hakuna aliyekiri kumwingiza.