Sauti ya Mnadi na Bati Moja

Jumatatu, 3 Machi
Mvua. Bati la juu ya kitanda limetoboka tena. Mama Watoto kaweka sufuria katikati yetu, kanipa mgongo. Kasema amechoka na ahadi: bati lisipopatikana hadi Jumapili, anahamia kwa kaka yake. Kaka yake ndiye Shemeji, karani mstaafu. Anachapa barua za watu kwenye mtandao mmoja wa kutafutia vibarua kwa simu, na kujisifia nyota tano anazopewa na wateja. Nyota! Mimi nimenadi makabati na ng'ombe miaka thelathini na moja. Nikipaza sauti, mbwa walikuwa wanakaa chini. Leo nimejisajili. Nauza sauti. Mama Watoto kanisomea simu, maana miwani yangu imevunjika. (Haijavunjika. Herufi zao ni nyingi mno.)

Jumanne, 4 Machi
Kumbe kuomba kazi unalipia! Nimeomba tisa. Wanane kimya, ada haikurudi. Wa tisa, mwenye duka la sabuni, kanipa tangazo la kurekodi. Malipo yanatosha bati na misumari. Nikacheka kwa sauti. Mama Watoto akaendelea kusoma. Mtandao unakata sehemu moja kati ya tano ya malipo. Halafu kuna ada ya kutoa pesa. Halafu ada ya kutoa haraka, usipoilipa unasubiri wiki tatu. Nikamwambia arudie. Akarudia. Bati likawa nusu bati. Nimenadi ng'ombe wasio na idadi, sijawahi kumtoza ng'ombe.
Shemeji kapita, kaniambia kule watu husoma masharti kwanza. Nimemjibu masharti mimi nayanusa tu.

Jumatano, 5 Machi
Akili imefanya kazi! Nimejifungia kabatini kati ya makoti, nimerekodi sabuni vizuri sana, na mwishoni nikataja namba yangu ya simu. Mwenye duka akiisikia atanipigia, tutalipana mkono kwa mkono, mtandao ubaki umekodoa macho. Mama Watoto kasema masharti yanakataza kuandikiana namba. Sawasawa. Mimi sikuandika. Nimenadi.

Ijumaa, 7 Machi
Simu imeanza saa kumi na mbili asubuhi. Mama mmoja anataka katoni mbili za sabuni ya kipande. Mwingine anauliza ya unga. Mwenye duka hakusikiliza tangazo mpaka mwisho. Kalifunga kwenye spika ya gari, linazunguka mitaani. Hadi mchana wamepiga watu arobaini na sita. Wote wameisifu sauti. Mmoja kanitukana, lakini huyo ana kasoro ya masikio.
Saa tisa mwenye duka kapiga mwenyewe. Nikajua mambo yameiva. Kafoka kwamba dukani hakuna hata nzi, wateja wote wako kwangu, na ameshanishtaki kwa mtandao. Jioni mtandao ukafunga akaunti na kuzuia pesa yangu. Kukata rufaa kuna ada.

Jumapili, 9 Machi
Mama Watoto kafunga mabegi. Shemeji kaja kumchukua, begani ana bati jipya! Kasema hataki dada yake alowe, wala hataki ahamie kwake, maana ana chumba kimoja. Halafu, akiangalia chini, kakiri kwamba zile nyota tano huwa analipia kila mwezi.
Mama Watoto kacheka, kafungua mabegi. Wakaenda wote wawili kuazima ngazi.
Mimi nikabaki na bati. Na lile neno la nyota.
Bati nimelinadi pale pale mlangoni, likanunuliwa. Dakika tatu! Sauti bado ipo. Pesa yote nimelipia akaunti mpya, kwa jina la Mama Watoto, yenye nyota tano, pamoja na ada za kuomba kazi. Fundi simu wa jirani kanisaidia.
Walirudi na ngazi. Mama Watoto kaona bati halipo. Kafunga mabegi tena, kaondoka na kaka yake, na ngazi wameichukua.
Mvua imeanza. Nimehamia upande wa Mama Watoto kitandani, ndio mkavu. Nimeshaomba kazi kumi na mbili, na moja imejibiwa: tangazo la magodoro. Nimerekodi tayari. Kosa la juzi nimelirekebisha.
Safari hii namba ya simu nimeitaja mwanzoni.