Mlolongo wa Kebirigo

Jumanne, 4 Machi

Jumamosi tunapiga kura Kebirigo: baa ziruhusiwe sokoni au la? Kura ya mlolongo. Wanaotaka wapange foleni upande wa kulia, wasiotaka upande wa kushoto. Madam Mokeira, mkubwa wangu hapa afisi ya leseni, anataka baa. Mkataba wangu unaisha mwezi huu, na kalamu ya kusaini ni yake. Mzee Osoro, babake Nyanchera wangu, ni mzee wa kanisa la Wasabato. Pombe hataki hata kuinusa. Jumapili anapokea posa yangu!

Siku ya kura nimeichagua mimi. Jumamosi Wasabato wako kanisani! Madam amenisifu. Mzee nimemwambia tarehe ilitoka Nairobi.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa. Mzee Osoro kapiga simu. Ibada itafanyika sokoni! Eti kukataa pombe ni kazi ya Mungu, haivunji Sabato. Akaniomba niwaombee. Nikasema amina.

Madam akataka dawa ya ibada hiyo. Nikaropoka: Mama Nyabuto aongoze mlolongo wa kulia. Ndiye anayetaka kufungua baa, na kila mnywaji anampenda. Madam akaniita profesa.

Jumamosi, 8 Machi

Wanywaji walikuja wengi, wakiimba. Wakamwona Mama Nyabuto mbele. Nilisahauje? Mama huyu ameozesha mabinti wake karibu kila boma hapa. Kwa mila yetu mkwe hukaa mbali na mama mkwe; Mgusii gani atajibana mgongoni mwake, tena kudai pombe? Wakwe wakatimua mbio, marafiki nyuma yao. Mzee Osoro akawauliza kama wameona chui.

Mimi nilisimama katikati, nikijifanya nahesabu. Madam akafoka mbele ya umati: Thadeus, Jumamosi uliichagua wewe, na huyu mama ukamleta wewe! Mzee akageuka polepole. Akauliza kama Nairobi ndiyo mimi.

Jumatatu, 10 Machi

Kura itarudiwa, kwa sababu ya waliokimbia. Safari hii ni ya siri, kwa karatasi. Madam hajasaini mkataba. Mzee ameahirisha posa mpaka ajue niko upande gani.

Lakini kura ya siri! Nani atajua? Nimemwapia Madam kwamba nitapiga ndiyo. Nimemwapia mzee kwamba nitapiga hapana. Wote wawili wametabasamu.

Nyanchera ameniuliza mimi mwenyewe nataka nini. Nimemwambia anipe muda, nione matokeo kwanza.