Hema la Watu Arobaini na Sita

Jumatatu, 10 Machi 1975

Jana asubuhi, kijijini Rejaf, kabla ya misa, nilipoteza kazi ya kubeba kwaya ya akina mama wa Kator, mtaa wetu hapa Juba. Kazi ya mwaka mzima! Kila Jumamosi ya pili kijiji kingine, kulala huko, kuimba Jumapili, kurudi Juba. Landrova yangu, jasho langu. Imekwenda.

Sababu ni ndogo sana. Akina mama walilala chini ya turubai langu. Upande mmoja nilifunga kwenye miti, upande wa pili kwenye bampa la gari. Kulipokucha niliwasha gari nikawatafutie kuni kavu. Kumfikiria mwenzako tangu lini ikawa kosa? Nikasahau kamba. Gari likaenda, turubai likafuata. Akina mama kumi na wawili wakabaki uwanjani na mashimizi, na waumini wa Rejaf ndio kwanza wanawasili.

Mama Helen, mwenyekiti wa kwaya, hakupiga kelele. Angepiga ningemjibu. Alisema tu, Baba Suzan, sisi tutarudi na lori la Lokosang.

Lokosang! Tulitoka naye Uganda juu ya gari moja la wakimbizi, yeye kakalia gunia langu njia nzima. Sasa ana lori lake na bado anakalia vyangu.

Leo nimekwenda kwa Mama Helen kudai haki. Akasema safari ya Pasaka bado haina mwenyewe. Mwenye hema la kweli ataipata, pamoja na mwaka mzima: hema lenye kuta, mtu mzima asimame ndani avae nguo zake, na lisifungwe kwenye gari la mtu yeyote. Atakuja kukagua Jumamosi.

Nimekubali. Mimi si wa kushindwa na kitambaa.

(Naandika Kiswahili, nilichookota gereji kule Arua. Mke wangu Teresina anasoma Kiingereza na Kiarabu. Nyumba ni ndogo, mtu lazima awe na pembe yake.)

Jumanne, 11 Machi

Soko la Konyo Konyo. Albino muuza mahema alikuwa na matatu.

La kwanza kijani, la mpima ardhi fulani. Jepesi kama kifaranga. Wepesi nautakia nini? Linabebwa na gari, si na kichwa changu. Na ukisimama ndani linakuvaa. Albino akaapa linalaza wanne. Ndiyo, kama wawili kati yao ni picha.

La pili la kambi ya wakimbizi. Mchwa wamekula sakafu na wameanza ukuta. Kwa heri.

La tatu! Kubwa, jeupe, nguzo za mbao, kuta za kufungua upepo upite. Katikati futi nane: hata kilemba cha Mama Helen kitasimama. Urefu futi ishirini, upana kumi na tano. Nikapiga hesabu palepale. Safu mbili za watu sita, kila mmoja futi mbili na nusu, na bado kuna nafasi ya mizigo na ya kugombana.

Albino akasema, "Mzee, hii iko hema ya heshima. Watu ya Juba, mkubwa na mdogo, amekaa chini yake." Hapo akanimaliza. Sikuuliza walikuwa wanafanya nini humo. Sifa haiulizwi maswali. Nikampa redio yangu na tairi la akiba, nikabeba.

Lokosang naye alikuwepo. Akachukua lile la kijani. Akalitazama langu, akasema kwa upole, ndugu yangu, hilo nadhani nimewahi kulikalia mahali. Nikamwambia, wewe kuna kitu hujakikalia?

Jumatano, 12 Machi

Nimelifua hema. Nimeshona matundu mawili. Likikunjwa linalala vizuri juu ya keria ya gari, nguzo pembeni. Kazi safi.

Teresina amelitazama. Akasema, Baba Suzan, tafadhali usilisimamishe hapa uani. Nikauliza kwa nini. Akasema watu watafikiri. Nikasema wafikiri, ni bure. Akasema mama yangu anakohoa tangu wiki iliyopita, Kator nzima inajua, na hema jeupe namna hii... Nikamkatiza. Kikohozi cha mama mkwe na hema langu ni ukoo gani?

"Kalas, basi," akasema. "Mimi nimesema."

Akisema hivyo huwa najua nimeshinda.

Ijumaa, 14 Machi

Siku kubwa. Naandika nikiwa nimekaa ndani ya Landrova kwa sababu uani hakuna nafasi.

Asubuhi Teresina alikwenda sokoni na mimi nikasimamisha hema peke yangu. Vigingi vyote ndani, kamba zote zimekaza kama ngoma. Nikasimama mbali nikalitazama. Ikulu!

Akaja jirani mmoja, mama mtu mzima. Hakubisha hodi. Hakusalimia. Akatandika mkeka ndani, akakaa, akatazama juu, akaanza kulia. Nikadhani ni uzuri wa hema.

Akaja wa pili na kuni kichwani. Wa tatu na sukari. Wanaume wakaleta viti vyao, wakakaa, kofia magotini. Mzee Pitia wa nyumba ya nyuma akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema pole, mwanangu, mama alikuwa mtu mwema.

Ndipo nikaelewa. Hema jeupe likisimama uani Juba hii, watu hawaulizi. Msiba! Wanakuja. Na kikohozi walikuwa nacho tayari. Wamemzika mama mkwe wangu, Mama Santina, ambaye asubuhi hii yuko kwake Rejaf anapalilia mihogo yake.

Nilifungua mdomo niseme ukweli. Naapa nilifungua. Halafu jicho likaanza kuhesabu lenyewe. Arobaini na sita! Wamekaa bila kugusana, na hema halitikisiki. Nikawaza: kesho Mama Helen anakuja kukagua. Hoja gani tena inazidi hii? Lokosang na hema lake la picha ataonyesha watu wangapi?

Nikafunga mdomo. Sikusema uongo. Nilitazama chini tu.

Jioni Teresina akarudi. Alipoona hema, kikapu kikaanguka, akaanguka na yeye, sauti yake nadhani ilivuka mto. Nikamkimbilia, nikamnong'oneza, hajafa mtu, nyamaza, ni hesabu tu. Akanitazama. Akaendelea kulia. Nafikiri sasa alikuwa ananililia mimi.

Ameniambia niwaambie watu kwa ulimi wangu mwenyewe kabla ya chai ya asubuhi. Nimesema nitawaambia baada ya ukaguzi. Chai ya asubuhi haina saa maalumu.

Jumamosi, 15 Machi

Mama Helen alikuja. Na kwaya nzima, kanga nyeusi, wakiimba tangu barabarani. Wakaingia hemani wote kumi na wawili, juu ya wale waliokuwepo. Wakaenea! Nilikuwa karibu kupiga makofi.

Nikamsogelea nikamuuliza kwa sauti ya chini, kwa heshima ya mahali, kama nguzo zimemridhisha. Akaniambia, maskini, huzuni imekuchanganya.

Halafu lori la Lokosang. Mtu huyu, bila kuombwa na mtu, alikuwa ameamka alfajiri akaenda Rejaf kuwachukua ndugu wa marehemu. Kwa mafuta yake! Nani alimtuma kuwa mwema?

Alimkuta marehemu anachoma mihogo.

Mama Santina alishuka kiti cha mbele. Wanawake wawili wakapita chini ya ukuta wa hema bila kutafuta mlango. Mzee Pitia akavaa kofia, akaivua tena. Kwaya ikakatika katikati ya ubeti.

Kwetu mama mkwe hazungumzi na mkwe uso kwa uso. Kwa hiyo alikwenda moja kwa moja kwenye nguzo ya katikati, akaisemesha. Ewe nguzo, akasema, nimesikia kuna msiba hapa kwa binti yangu, nimekuja kulia na wenzangu. Niambie tu ni nani aliyekufa, nijue nilie kiasi gani.

Nguzo haikujibu. Na mimi nikaona si adabu kuitangulia.

Teresina ndiye aliyejibu. Alieleza yote, kuanzia kamba ya bampa. Sikujua anakumbuka vizuri hivyo. Mtu wa kwanza kucheka alikuwa Mama Santina. Alikaa mkekani, akanywa chai ya msiba wake, akasema sukari ni nyingi, kumbe watu wanampenda. Alikohoa mara moja na watu wote wakasimama.

Jua lilipoinama alipanda lori kurudi Rejaf, na sukari iliyobaki. Teresina akapanda naye, na mtoto wetu Suzan, na sufuria kubwa. Aliniambia atarudi siku nitakapokwenda Rejaf kuomba msamaha kama mtu mwenye akili.

Mama Helen aliondoka bila kusema neno hata moja kuhusu hema. Si ndiyo, si hapana. Huo ni ukaguzi gani?

Jumapili, 16 Machi

Kanisani watu wameniachia benchi zima. Lokosang akaja akakaa karibu yangu. Akanong'ona kwamba ile siku pale sokoni alitaka kuniambia: alikalia hema hilo kwenye matanga ya mjomba wake. Eti hakutaka kuniharibia furaha. Sasa hata ukimya amenikalia!

Nyumbani nimekula mihogo baridi. Hakuna sufuria.

Jumatatu, 17 Machi

Nimelala vizuri na nimeona njia.

Kosa halikuwa hema. Kosa lilikuwa mahali. Kesho alfajiri nakwenda Rejaf kuomba msamaha, na sitakwenda mikono mitupu. Kabla mtu hajaamka nitakuwa nimelisimamisha hema lote uani kwa Mama Santina, mbele ya mlango wake, jeupe, limekaza. Akitoka, kivuli hicho! Teresina ataona nina moyo. Na pale hakuna atakayekosea, kwa sababu Mama Santina mwenyewe atakuwa bado amelala ndani, mzima kabisa. Udongo wa pale ni laini, kwa hiyo kamba moja nitaifunga kwenye bampa.

Leo nimepita kwa Mama Helen, nikasimama mlangoni, nikakataa kiti. Nimemwambia hivi: watu arobaini na sita walikaa humo tangu Ijumaa, wakaongezeka kumi na wawili, na hakuna kigingi kilichong'oka. Sitaki pole. Sitaki kucheka. Hema linafaa au halifai? Ndiyo au hapana, Mama Helen, kwa mdomo wako, kabla ya kengele ya saa sita mchana, Jumamosi hii!