Kucha Kumi za Mama Noela

Gregory aliingia Kahama Jumatatu saa nne asubuhi akiwa na pikipiki nyekundu, begi moja, na haraka. Haraka hiyo aliitoa Katoro, ambako wachimbaji kumi na saba walikuwa wamenunua kwake sumaku ya kuvuta dhahabu. Sumaku ilivuta misumari, ikavuta vifuniko vya soda, ikavuta mpaka chepe la mwenye duara la kuchimbia, ila dhahabu ikakataa katakata. Wachimbaji ni watu wavumilivu jamani, wanaweza kuchimba miezi minane bila kuona hata punje, lakini uvumilivu wao una mahali unapoishia. Mahali hapo Gregory alipapita kwa gia ya nne.

Kwa hiyo tuelewane mapema: pikipiki ile haikuwa usafiri tu, ilikuwa maisha yake. Tapeli asiye na kitu cha kukimbilia ni mtu anayesubiri kukamatwa, na Gregory alilijua hilo kuliko alivyojua jina la babu yake.

Alisimama Nyahanga kutafuta chai, akakuta neema. Mbele ya duka la vipodozi la Rehmat, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Fiza, wanawake watatu walikuwa wamemnyooshea mwenye duka vidole usoni. Hawakuwa wanamtukana. Walikuwa wanamwonyesha kucha.

"Siku tatu, Mama Fiza! Nimepaka rangi ya jeli Alhamisi, sendofu Jumamosi, kufika kwenye kulishana keki, kucha haina rangi! Rangi imebaki kwenye keki!"

"Kwenye keki?"

"Na mjomba wa bwana harusi ameila!"

Rehmat aliegemea kaunta. Ukoo wake unauza vitu mtaa ule tangu enzi za babu, na malalamiko anayasikia tangu anatambaa. "Mimi nauza rangi, dada, sipaki. Nikikuuzia mchele, wali ukaungua, utaniletea sufuria?"

Kuna watu wakisikia ugomvi hukimbia, na kuna wanaosogea kuamua. Gregory husogea kuuza.

"Shikamoo, mama," alisema, akakunja mikono kifuani kwa adabu nyingi. "Samahani kuingilia. Rangi yako ni nzima kabisa. Kinachosumbua ni kucha. Kucha inapumua, mama. Ikivuta pumzi, rangi inanyanyuka. Ikishusha, inameguka. Inatakiwa itulizwe kwanza."

Wanawake watatu waliangalia kucha zao, na mmoja akabana pumzi. Gregory akatoa begini kichupa chenye maji ya magadi, spiriti, na tone la manukato aliyoyasahau mchumba wake wa zamani.

"Hii inaitwa Ganda-Milele. Inatoka Uturuki."

"Mbona imeandikwa dawa ya kikohozi?" Rehmat aliuliza.

"Chupa ndiyo ya kikohozi. Kilichomo ndicho cha Uturuki."

Akaeleza kwamba hauzi kichupa, kichupa ni kwa wadogo. Anauza siri yenyewe, namna ya kuitengeneza, kwa mtu mmoja tu Kanda ya Ziwa nzima, milioni tatu. Mwenye siri atauza kuanzia Shinyanga mpaka Chato, na hakuna mwanamke atakayerudi na keki. Rehmat alikipokea kichupa, akakigeuza. Ukweli usemwe, tamaa ilimgusa kidogo, maana wiki ile pekee alishagombana na wateja kumi na mmoja.

"Mpake yule," hatimaye alisema, akaonyesha ng'ambo ya barabara.

Ng'ambo kulikuwa na mgahawa wa Scolastika, Mama Noela, mama lishe ambaye msaidizi wake alikuwa ameolewa Chato wiki iliyopita bila hata kuaga. Alikuwa ameinamia sufuria la ugali, analisugua kwa mchanga na gunzi, sauti inafika mpaka dukani.

"Zikimaliza wiki mbili kwenye mikono ile," Rehmat alisema, "milioni tatu ni zako. Zisipomaliza, kawauzie Waturuki."

Mama Noela alipoambiwa, alijifuta mikono kwenye kanga na kumwangalia Gregory kuanzia viatu.

"Mimi nipake rangi ili iweje? Watu hapa wanaangalia nyama, hawaangalii kucha."

"Ni bure, mama yangu."

"Bure ya mtu nisiyemjua? Zikibanduka mimi nafaidi nini?"

Watu walishajaa. Na Gregory akiona watu wamejaa, akili humtoka, mdomo hubaki kazini peke yake. "Ikibanduka hata moja, chukua pikipiki!"

"Hata ya kidole gumba cha kushoto?"

"Hata hiyo!"

"Kadi ya pikipiki mpe Mama Fiza."

Gregory alitaka kucheka, ikashindikana. Shangazi wa mtu akapiga kigelegele, kadi ikatoka mfukoni ikaenda kwa Mama Fiza, ikafungiwa kwenye droo ya hina. Ndipo Gregory akapaka. Mafuta ya samaki yalikuwa bado yapo kwenye kucha, hakuyafuta. Ngozi ya pembeni hakuisogeza. Akamimina Ganda-Milele, akaweka rangi ya damu ya mzee nzito mpaka ikapanda nyamani, akatoa begini kitaa chake cha kukaushia rangi, akakiwasha sekunde kumi na tano, kwa maelezo kwamba jua la Kahama litamalizia. Nelly, binti anayepaka kucha kwenye kibanda cha jirani, alitazama yote hayo na kufunika macho kwa kiganja.

Jioni Gregory alipopita kukagua mali yake, alimkuta Mama Noela ameinua mikono juu ya beseni lenye sahani sitini.

"Mama, simama! Usiguse!"

"Sahani ataosha nani?"

Gregory aliangalia beseni, akaangalia pikipiki yake, akakunja mikono ya shati. Kwani sahani sitini ni nini kwa mtu wa milioni tatu?

Kesho yake saa mbili alikuwa pale. Alizikagua kucha moja moja na kushangaa: zilikuwa nyembamba, laini, zinang'aa kuliko alivyoziacha. Moyo ukamtulia. Kumbe dawa inaingia taratibu, inafanya kazi usiku! Akaosha masufuria huku anapiga mluzi.

Siku ya tatu Mama Noela akauliza, kwa upole wa mtu asiyetaka kusumbua, "Mwanangu, na kumenya mihogo? Si itazigonga?" Itazigonga kweli. Gregory akamenya. Siku ya nne ikawa kuchota maji. Siku ya tano kufua mashuka, kwa sababu sabuni ya unga ni adui mkubwa wa jeli, na hayo aliyasema Gregory mwenyewe. Siku ya sita Mama Noela alikaa mbele ya sahani ya ugali wa moto akahema.

"Ugali wa moto, Gregory. Na mvuke ule."

Akamfinyangia tonge. Akalichovya kwenye mlenda, akamlisha.

Mzee Bujiku, mkulima wa tumbaku kutoka Ushetu anayekula pale kila akija mjini, aliweka kijiko chini. "Ng'wanawane, mwanangu, huyu mama ni mkeo?"

"Hapana, mzee. Mimi ni mtaalamu wa kucha."

Mzee alimtazama: masizi mpaka kwenye viwiko, gunzi limechomekwa kwenye mkanda, mlenda kidoleni. "Kumbe ni kazi ngumu hiyo," alisema, akaendelea na wali wake.

Jumapili ilikuwa mtihani mwingine. Mama Noela ni mwanakwaya, na kwaya yao hupiga makofi. Gregory akasimama nyuma yake kwenye mstari wa sauti ya kwanza, katikati ya akina mama wenye sare za zambarau, akapiga makofi kwa niaba yake nyimbo nne. Mwalimu wa kwaya alimkemea mara mbili kwamba anachelewesha. Katikati ya wiki wakaenda msibani, na foleni ya kutoa pole ilikuwa ndefu. Gregory alimpa kila mfiwa mkono mara mbili: "Pole sana, hii ni ya Mama Noela." Halafu, "Pole sana, hii ni yangu." Wafiwa wawili walicheka, Mungu awasamehe.

Na kucha? Kucha zilikaa. Siku ya nane, siku ya kumi, hakuna iliyonyanyuka hata ukingoni. Hapo ndipo likamkuta jambo ambalo katika miaka tisa ya utapeli halikuwahi kumkuta: aliiamini dawa yake. Alikuwa akitoa kichupa na kukiangalia mwangani kwa heshima. Alijilaumu kwa kuomba milioni tatu tu. Kandambili yake ilipokatika, aliipaka Ganda-Milele, ikakatika tena hatua ya pili, akahitimisha kwamba kandambili ilikuwa chafu.

Siku ya kumi na nne, saa saba mchana, mgahawa umejaa, Rehmat alivuka barabara na mkoba mkubwa. Akavaa miwani. Akageuza mkono wa kulia wa Mama Noela, akageuza wa kushoto, akachokonoa kidole gumba kwa pini ya mtandio.

"Mashallah. Hata moja."

"Tano," alisema Gregory.

"Tulisema tatu."

"Tatu ilikuwa kabla ya utafiti."

"Nne, na usiongeze neno."

"Nne, mama, kwa sababu ni wewe." Miaka tisa anauza uongo, na siku ya kwanza ya kuuza kitu cha kweli analipwa milioni nne! Machozi yalimlenga, na yalikuwa machozi ya kweli.

Rehmat alikuwa ameshaingiza mkono kwenye mkoba Mama Noela alipokohoa. "Mama Fiza, shoga yangu, funga mkoba kwanza."

Akachomoa kiberiti ndani ya gauni, akakifungua juu ya meza. Hakukuwa na njiti. Kulikuwa na vigamba kumi vya rangi ya damu ya mzee, vinene, vimejikunja, na kimoja kilikuwa na uzi wa mto.

"Za Gregory hizi hapa. Sita nilizikuta kwenye mto asubuhi ya siku ya pili. Nne zilitoka nikijifunga kanga. Hizi mnazozisifia ni za Nelly."

Mgahawa mzima uliacha kutafuna. Nelly alisimama mlangoni kwake, kaficha kicheko kwa mkono.

"Nilimpaka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla mtaalamu hajaamka," alisema. "Picha ninazo kwenye simu. Nilisogeza ngozi, nikaparuza ule mng'ao wa kucha kidogo, nikafuta mafuta kwa spiriti. Nikapaka nyembamba nyembamba, nisiguse nyama, ncha nikazifunga kwa rangi, na kila koti la rangi likamaliza dakika zake kwenye taa. Basi."

"Na dawa?" Rehmat aliuliza.

"Dawa gani, Mama Fiza? Na akiosha vyombo avae glavu. Si unauza mwenyewe, zile za njano, elfu mbili?"

Rehmat alivua miwani taratibu. Aliliangalia duka lake, akamwangalia Nelly, akafunga zipu ya mkoba. "Kesho saa mbili njoo dukani, mwanangu. Nitakuwekea meza mbele pale, na kila anayenunua rangi atapita kwako kwanza."

Gregory alikuwa bado ameshika meza. Alivihesabu vigamba, vikafika kumi. "Siku ya pili! Mama Noela, siku ya pili! Si ungesema? Pikipiki ilikuwa yako tangu siku ile!"

"Ilikuwa yangu, baba," Mama Noela alijibu, akampapasa begani kwa mkono uliopendeza kupita yote mtaani. "Sasa ningesema, masufuria angeosha nani?"

Kicheko kilichopigwa pale kilisikika mpaka stendi. Mzee Bujiku alipaliwa na maharage ikabidi apigwe mgongoni. Rehmat alileta kadi ya pikipiki, ikatoka na harufu ya hina, akamkabidhi Mama Noela mbele ya watu wote. Gregory alitoka nje, akaigusa ile nyekundu kwenye tanki, akaangalia barabara ya kwenda Shinyanga na barabara ya kwenda Geita. Kwa mara ya kwanza maishani mwake aliona jinsi zilivyo ndefu. Alijisikia vibaya, kusema kweli, na aliumia zaidi kwamba dawa haikuwa dawa kuliko kwamba pikipiki haikuwa yake.

Ndani, mteja mmoja aliyekuwa ameinua mikono yenye mafuta aliita kwa sauti: "Gregory! Maji ya kunawa huku!"

"Nakuja!" alijibu, kabla hajakumbuka kwamba mkataba umeisha. Alishtukia yuko kizingitini na birika mkononi, akataka kulirudisha. Lakini yule mteja alishanyoosha mikono juu ya beseni, basi akammiminia.